INJINI AU MCHUMBA? GARI LILINIUMBUA MVUMI

Mwenzangu msomaji, aibu ziko za kila aina, lakini ile ya kumteremsha baba mdogo akiwa ndani ya suti, katikati ya mlima, umwambie "samahani baba, tembea kidogo gari lipumue," naiombea isikufike.

Mimi ilinifika Mvumi, wilayani Kilosa, siku ya kupeleka mahari. Ndani ya Corolla yangu kuukuu tulikuwa mimi, baba mdogo, mama mkubwa na mshenga, nyuma kumejaa kreti za soda na vitenge. Mfukoni nilikuwa na milioni mbili.

Hizo milioni mbili zina kisa chake. Mwezi mzima gari lilikuwa halivuti. Barabara ya tambarare linateleza kama kawaida, ila likiona mlima tu, hata vile vilima vya Kimara, linaanza kukohoa. Fundi wangu wa Dar akalisikiliza dakika mbili, akatoa hukumu: "Bro, injini imechoka. Lete milioni mbili nikutafutie nyingine." We! Nililala macho. Nikinunua injini, mahari hakuna. Nikilipa mahari, gari ndio basi. Nikaamua kuchukua mke kwanza, injini itajijua.

Safari ilianza vizuri, mpaka nikaanza kumcheka fundi. Morogoro tukapita, Dumila tukaiacha barabara ya Dodoma, tukakunja kushoto kufuata ile ya Kilosa. Mama mkubwa kasinzia, baba mdogo anahesabu mashamba ya mpunga. Lakini kwao binti ni huko juu. Ukifika Mvumi unaacha lami, unafuata kinjia cha vumbi kuelekea milimani. Hapo ndipo nilipokwisha.

Gia ya tatu, ikakataa. Ya pili, ikakataa. Ya kwanza, nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, gari ndio kwanza linafifia kama taa ya kibatari, mwisho likazima. Tukakaa kama dakika kumi. Nikawasha, likanguruma kwa nguvu zote! Tukapanda hatua mia hivi, likazima tena. Watoto wakajikusanya. Simu ikaita, mchumba wangu: "Mko wapi? Mjomba anauliza." Na kwa Wakaguru, ndugu yangu, mjomba wa binti si mtu wa kumsubirisha.

Kijana wa bodaboda akatuonea huruma. "Kuna mzee pale chini anatengeneza pawatila. Mjaribuni huyo." Nikamwacha baba mdogo na mshenga wakipanda kwa miguu, mmoja na kreti begani, mimi na mama mkubwa tukarudi kinyumenyume.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Linasumbuaje?"

Nikaanza kumweleza habari za injini kuchoka. Akanikatisha. "Sijakuuliza ugonjwa, nimekuuliza linafanyaje." Akaanza maswali. Ukikanyaga mafuta mlimani, muungurumo unapanda huku gari limeganda? Nikasema hapana, muungurumo wenyewe ndio unazama. "Basi siyo klachi." Likipumzika linarudi na nguvu? Ndiyo, kisha linazima tena. Mzee akatabasamu kama aliyeona mtu anayemdai.

Hata hivyo hakukurupuka. Akachomoa plagi moja moja, akaziangalia, akazirudisha. Eya klina akaikung'uta na kuitazama kwenye jua. Akaweka kiganja kwenye egzosi wakati injini inanguruma, maana egzosi ikiziba, gari nalo hukosa pumzi mlimani. Upepo ulitoka vizuri. Ndipo akauliza swali lililonitoa jasho: "Mafuta unanunua wapi?"

Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba kuna jamaa mtaani kwetu huniuzia ya kwenye dumu, kwa bei ya kishkaji.

Mzee akachomoa waya wa betri, akafukuza wote wenye sigara, akang'oa siti ya nyuma. Chini yake kuna kifuniko, na ndani ya tangi ndimo inamokaa pampu ya mafuta. Akaitoa. Jamani! Kile kichujio cha mdomoni mwa pampu kilikuwa cheusi tii, kimevaa utelezi na kutu kama soksi iliyookotwa mtaroni.

Akanieleza huku anakisugua kwa mswaki. Kwenye tambarare injini haihitaji mafuta mengi, hivyo hata yanayopenya kwenye uchafu yanatosha. Mlimani inataka mengi kwa mkupuo, pampu inavuta kwa nguvu, uchafu unaganda kwenye kichujio, injini inakufa njaa. Ukizima, uchafu unaachia na kudondoka chini ya tangi. Ndiyo maana likipumzika linaamka. Injini yangu ilikuwa nzima kabisa!

Tukakamua tangi, tukayachuja mafuta kwa kitambaa. Chujio jingine, lile la kule mbele kwenye boneti, akalipuliza kinyume, likatema maji meusi. "Hili ni la kukufikisha tu. Morogoro nunua jipya, na cha kwenye pampu pia." Akataka elfu thelathini. Nikampa arobaini, na soda mbili.

Mlima ule ule tuliupanda kwa gia ya pili, mama mkubwa anapiga vigelegele peke yake. Baba mdogo tulimkuta amekaa chini ya mwembe karibu na kwao binti, viatu mkononi, suti imekuwa rangi ya kinjia. Akapanda bila kunisemesha.

Mjomba alitupiga faini ya kuchelewa, elfu hamsini. Baba mdogo ndiye aliyejibu haraka kuliko wote: "Bwana harusi atalipa."