Paje, ambako tulifika upepo umelala

Tangu turudi kutoka Zanzibar mnatuuliza habari kila Jumamosi, nasi tunajibu kwa mkato, kwa sababu ukweli ulikuwa unatuletea haya. Leo tunausema wote, maana tunapanga kurudi mwezi wa saba, na baadhi yenu mmeanza kuweka feza kando ili twende pamoja.

Jambo lilianzia kwa binti wa mmoja wetu, mwenye miaka 14. Aliona katika telefone watu wanaosimama juu ya ubao wenye tanga. Wanashika tanga kwa mikono miwili, na upepo unawapeleka juu ya maji bila motere. Akasema: "Mama, hii mimi ninaweza." Sisi tuko watatu: wawili ni walimu, wa tatu anauza bitenge na anaijua barabara ya Dar es Salaam kama njia ya kwenda soko la Kenya hapa Lubumbashi. Tukachanga likelemba miezi minane. Mama mkubwa wetu, ambaye ndiye mweka hazina, aliuliza mbele ya wote kama mwanamke mwenye akili anaweza kutoa feza ya likelemba ili akacheze katika maji. Hatukumjibu vizuri. Tulisema tu kwamba wanaume wanapumzika kila Jumapili kwenye mpira na hakuna anayewauliza.

Kisha sisi walimu tukafanya kosa la walimu: tulifungua kalenda ya masomo. Vakansi ya Pasaka, wiki mbili, basi twende! Hakuna aliyeuliza upepo una kalenda gani.

Tulipita Kasumbalesa, tukashuka hadi Kapiri Mposhi, halafu tukafuata upande wa reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kwa msaada wa Wachina na kumalizika mwaka 1975, mpaka Nakonde na Tunduma. Toka hapo Mbeya, toka Mbeya Dar es Salaam. Siku nne, miguu imevimba. Kwenye mpaka wanataka karata ya manjano, na chanjo inatakiwa iwe imepita siku 10, kwa hiyo msiikimbilie juma la safari. Kutoka Dar ni boti, karibu saa mbili, na kutoka Mji Mkongwe hadi Paje ni karibu kilomita 50 kwa gari, upande wa mashariki wa kisiwa.

Mvua ilikuwa inanyesha. Tulikaa barazani tukitazama bahari iliyo tuli kama sahani, na binti yetu hasemi neno. Hata maneno yalitukataa: tuliomba "mayi ya kunywa", na muuzaji akauliza kama tunataka mayai mabichi au ya kuchemsha. Siku ya pili mama mmoja wa pale alitucheka kwa upole. "Mmekuja katikati," akasema. "Kaskazi imekwisha, kusi haijaanza. Hii ni masika."

Hapo tulipata somo ambalo lilitakiwa kuja kabla ya tiketi. Katika pwani ile kuna pepo mbili kubwa. Kaskazi inavuma toka mwezi wa 12 hadi wa tatu hivi. Kusi inavuma toka mwezi wa sita hadi wa tisa. Kati yao upepo unatangatanga, na toka mwezi wa tatu hadi wa tano mvua ndiyo inatawala. Vakansi yetu kubwa inaangukia ndani ya kusi yenyewe. Tulikuwa na tarehe nzuri mkononi, tukaiacha.

Siku moja tu kulikuwa na upepo kidogo. Tukamkodishia mtoto ubao na mwalimu. Swali la kwanza la yule mwalimu: "Anajua kuogelea?" Tulitazamana. Hakuna hata mmoja wetu anayejua. Akamvalisha jaketi la kuokolea, akasema hatampeleka mahali maji yanapopita kiuno. Kwa saa nzima alianguka, akapanda, akavuta tanga kwa kamba, akaanguka tena. Mwishoni alikwenda kama hatua 10 akiwa amesimama. Alipiga kelele hadi wavuvi wakageuka. Lakini sisi kwenye mchanga tulikuwa tumeshikana mikono, kwa kuwa kama angepotelea mbali kidogo, hakuna mama kati yetu angeweza kumfuata.

Siku zilizobaki tulizipitisha na yule mama aliyetucheka. Analima mwani. Paje na Jambiani ndipo kilimo hicho cha biashara kilipoanza Zanzibar, mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Maji yakipwa wanatembea mbali ndani ya bahari, wanasimika vijiti, wanafunga kamba, na juu ya kamba wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, mgongo umeinama. Tulimsaidia asubuhi moja, tukalala mchana wote. Alituambia kwamba aina yenye bei nzuri inakufa kwa sababu maji yamezidi joto, hivyo wanabaki na ile ya bei ndogo, au wanatengeneza sabuni. Mbao za watalii zina pezi chini, na pezi linakata kamba. "Mtoto wenu acheze," akasema, "ila apite kwenye maji ya wazi, si juu ya shamba langu." Tuliona haya, maana jana yake hatukuwa hata tumejua kwamba lile ni shamba.

Basi kwa mwezi wa saba tunapanga hivi. Kwanza tunatazama mwezi angani. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na anayejifunza anabeba ubao wake kwa mguu hadi achoke. Siku za maji mafu ni tulivu zaidi. Saa za maji zinasogea kama dakika 50 kila siku, basi somo la leo saa tatu si la kesho saa tatu. Kusi pale inavuma kando ya ufuko na kuegemea nchi kavu, kwa hiyo anayeshindwa anarudishwa kwenye mchanga. Upepo unaotoka nchi kavu ndio wa kuogopa, unakupeleka mwambani. Mchukue nguo za mikono mirefu na suruali, kwa jua na kwa heshima ya kijiji. Mwezi wa saba wageni ni wengi na bei inapanda, ndiyo maana tunatafuta nyumba ya familia Jambiani toka sasa.

Na kila Jumatano baada ya masomo tuko kwenye pisini, sisi watatu na watoto. Bado tunashika ukuta. Mama mkubwa mweka hazina alikuja kutazama, akaketi na mwavuli wake bila kusema kitu. Jumatano ya tatu aliuliza nguo ya kuogelea ya mtu mnene inauzwa wapi.