Kikao cha Nane Nane

Mwaka 1998 dada yangu alipata nafasi mbili za kusomea udaktari kwa mpigo, katika ukoo ambao hadi siku hiyo haukuwa umepeleka mtu chuo kikuu. Barua moja ilitoka Muhimbili. Nyingine ilitoka Moshi, KCMC, ambako hospitali ilikuwapo tangu 1971 lakini chuo chenyewe kilikuwa ndiyo kwanza kimefunguliwa, mwaka 1997. Mimi nilikuwa darasa la saba. Niliruhusiwa kukaa na wakubwa kwenye kikao cha kuamua kwa sababu ya mwandiko wangu: baba alitaka kila kitakachosemwa kiandikwe, na mwandiko wake yeye ulikuwa hausomeki hata na mama.

Baba alikuwa mganga wa zahanati. Kijijini walimwita daktari, naye hakuwasahihisha. Alikuwa mmoja wa vijana waliofundishwa miaka ya sabini, serikali ilipokuwa ikijenga zahanati vijijini baada ya Azimio la Arusha, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kutibu anachokiweza na kutafutia usafiri asichokiweza. Nimeona kwa macho yangu mama mjamzito akipandishwa juu ya lori la vitunguu kwenda mjini Singida, baba akiwa amepiga magoti pembeni yake na dripu mkononi. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kama dada akasome udaktari. Swali lilikuwa wapi, na kwa fedha ya nani.

Wasiokuwapo enzi hizo wanadhani jibu lilikuwa jepesi. Muhimbili ilikuwa ya serikali, serikali inasomesha, basi. Lakini tangu 1992 serikali ilikuwa imeanza kuwaambia wazazi wachangie gharama. Ilianza na nauli na ada ndogondogo za kujiandikisha, kisha chakula na malazi vikageuzwa mkopo, ule ambao wanafunzi waliuita bumu. Ada ya masomo yenyewe serikali iliendelea kuilipa, ila mwanafunzi alitakiwa kufika Dar es Salaam, kuvaa, kununua vitabu na kula pale bumu linapochelewa, na lilichelewa. Moshi nako, kwa kuwa chuo kilikuwa cha kanisa, hapakuwa na mkopo wa serikali hata wa senti moja. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005, dada akiwa ameshamaliza.

Kilichofanya Moshi izungumzike ni usharika wetu. Dayosisi ilikuwa na wafadhili Ulaya, na ilikuwa tayari kumlipia ada yote kwa sharti moja: akimaliza, afanye kazi miaka mitano katika hospitali ya misheni mkoani kwetu.

Kikao kilipangwa Jumamosi ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima, ili baba mdogo aweze kuja kutoka Dar es Salaam. Alifika Ijumaa jioni, amejaa vumbi la barabara ya Manyoni, ameleta mikate na gazeti la juzi. Alikuwa karani bandarini, na kwetu yeye ndiye aliyekuwa Dar es Salaam yote. Tulipokuwa tunakula, Radio Tanzania ikatangaza kwamba asubuhi ya siku hiyo mabomu yamelipuka kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam.

Kesho yake, mtu aliyesafiri siku nzima kuja kuwashawishi ndugu zake wampeleke binti Dar es Salaam alikuwa hajui kama wanawe mwenyewe wako salama. Alfajiri alikwenda mjini kwa baiskeli ya baba, akapanga foleni ya simu, akampata jirani mwenye simu, akaambiwa kwake Magomeni kuko shwari. Alirudi saa sita. Watu 11 walikufa Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi, ingawa siku ile hesabu ilikuwa bado haijatulia. Majeruhi wa Dar, alisema, wamepelekwa Muhimbili. Halafu akakaa, akanywa maji, akaanza kuitetea Muhimbili kana kwamba habari hiyo ilikuwa hoja yake ya kwanza.

Na pengine ilikuwa. "Kaka," alimwambia baba, "nchi hii ikiumia, inapelekwa pale. Daktari anajifunza kwa wagonjwa, si kwa mandhari ya mlima." Alisema Muhimbili imefundisha madaktari tangu 1963, maprofesa wake wanajulikana, na atakaosoma nao leo ndio watakaokuwa wakubwa wizarani kesho. Moshi walikuwa hawajatoa hata daktari mmoja. Mtoto awe wa kufanyiwa majaribio? Kuhusu malazi hakukuwa na tatizo, kwake Magomeni ni jirani na Muhimbili, ukivuka bonde la Jangwani umefika.

Hapo mama, aliyekuwa amenyamaza akichambua mchele, aliuliza kama bonde hilo ndilo lile lililofurika wakati wa El Nino. Baba mdogo akasema ndilo. Mvua zile zilikuwa zimeisha miezi michache tu nyuma, zilikata reli ya kati na kuharibu barabara zetu zote, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Mama akauliza tena: nyumba ina vyumba vingapi? Viwili. Watoto? Watano. Mama akarudi kwenye mchele wake. Niliandika "vyumba viwili, watoto watano" nikapiga mstari chini, sijui kwa nini, labda kwa sababu yeye hakusema kitu zaidi.

Kukaa kwa ndugu kuliitwa bure. Kila mtu pale, wanaume kwa wanawake, alijua maana yake kwa msichana: kuamka kabla ya wenye nyumba, kuchota maji, kufua, kupika jioni, kisha kufungua kitabu wakati mafuta ya taa yanahesabiwa. Hakuna aliyelitamka hilo mbele ya baba mdogo. Adabu yetu ilikuwa hivyo, na mimi nadhani adabu hiyo imewagharimu wasichana wengi mitihani.

Moshi nayo haikuwa na mtetezi hodari. Baba aliitaka, lakini hoja zake zilikuwa za mtu anayejua hospitali kwa kuipelekea wagonjwa: KCMC wanapokea rufaa, wana wataalamu wa mifupa, wana wa macho. Kwa ramani Moshi ni karibu kuliko Dar. Kwa barabara ilikuwa Katesh, Babati, Arusha, sehemu kubwa vumbi tupu, na wakati wa masika basi lilikuwa linalala njiani.

Aliyekaribia kuivunja hoja ya Moshi ni shangazi. Alisikiliza sharti la miaka mitano, akaomba nilisome upya, kisha akacheka. "Hii ni mahari," alisema. "Wanalipa, binti anahamia kwao. Tena bila hata ng'ombe mmoja kukanyaga zizi letu." Watu walicheka, na kicheko kikaishia njiani, kwa sababu kila mmoja aliona kuna ukweli. Baba mkubwa akasema basi afadhali Muhimbili, akimaliza awe huru. Nikaandika: "Wengi wanaelekea Muhimbili."

Dada alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Hakuwa ameulizwa. Aliomba ruhusa kwa baba mkubwa, akafungua daftari, na kwa mara ya kwanza nikasikia mtu akizitaja gharama za barua zote mbili kwa utaratibu: godoro, koti jeupe, vitabu, nauli ya kwenda na kurudi kila likizo, sabuni. Alikuwa ameuliza bei kwa mwalimu wake wa sekondari na kwa kondakta wa basi. Jumla ya Muhimbili bila ada na jumla ya Moshi bila ada hazikutofautiana sana. Baba mdogo alitaka kubisha, akaangalia tarakimu, akaacha.

Kisha dada akageukia mkataba. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba serikali imefunga ajira tangu 1993. Zamani ukimaliza unapangiwa kituo, sasa unamaliza unarudi nyumbani. Akawataja vijana wawili ambao baba alikuwa anawajua, waliohitimu uganga na sasa wanauza kwenye duka la dawa mjini, wakipokezana zamu. "Hicho mnachokiogopa," alisema, "ndicho ninachokitaka. Ni ajira ya miaka mitano imeandikwa kabla sijaanza kusoma."

Shangazi ndiye aliyesema kwanza: "Mwacheni aende."

Alikwenda Moshi. Mambo hayakwenda kama daftari lilivyosema. Mwaka wake wa tatu fedha za wafadhili zilikawia, chuo kikataka ada, na barua za dada zikawa fupi. Baba aliuza maksai wawili wa kulimia, na msimu ule tulilima kwa jembe la mkono. Kiasi kilichobaki kilitoka kwa baba mdogo, aliyekuwa ameshindwa kikaoni, na alikipata kwa kuuza kuku wetu: mama anapakia matenga kwenye basi Singida, yeye anayapokea Dar na kuyapeleka sokoni kabla ya kwenda bandarini. Kuku wa Singida wana jina Dar es Salaam, na walilipa. Sijawahi kumsikia akilitaja jambo hilo kama sadaka.

Dada aliutumikia mkataba wake wote katika hospitali yenye umeme wa jenereta na madaktari wawili, mmoja yeye. Baba alimpelekea wagonjwa huko, kwa barua ya rufaa rasmi, anaandika "Mheshimiwa Daktari" kwa binti yake. Mwanafunzi mwenzake wa sekondari aliyekwenda Muhimbili alihitimu wakati mmoja naye, akahangaika kidogo, akaenda Botswana kama wengi wa rika lake. Mwezi uliofuata baada ya mkataba kuisha, dada naye alihama, akaenda Dodoma. Wapo usharikani waliosema hana shukrani. Miaka mitano ilikuwa mitano, sikuona walichokuwa wanadai.

Deni lisilo na karatasi ndilo lililobaki. Wajukuu wawili wa shangazi wamesomeshwa na dada. Baba mdogo alipopata shinikizo la damu alihamia kwake Dodoma, akakaa mpaka alipofariki. Mwaka jana kijana wa ukoo amepata nafasi ya udaktari, na siku hizi vyuo ni vingi, Mwanza, Dodoma, Mbeya, Ifakara, hata Zanzibar. Kabla ya kuangalia asilimia aliyopewa na Bodi ya Mikopo, alimpigia dada simu kuuliza nyumba yake ina vyumba vingapi. Dada alimwambia atafute hosteli, na kwamba hosteli atailipia yeye.