Niliiona



Pikipiki yangu naihudumia mwenyewe nyumbani. Jumamosi iliyopita nilikuta cheni imelegea tena. Nikafungua nati ya gurudumu la nyuma, nikaikaza, nikaiachia mchezo wa sentimita 2 hivi, nikarudi kuandaa mahubiri.

Lakini alama za kukazia zilikuwa zimefika mwisho, na meno ya sproketi yamechongoka kama msumeno. Cheni ikifika hapo haikazwi tena. Inabadilishwa, pamoja na sproketi zote mbili. Nikajiambia, itanifikisha Jumapili.

Jumapili ikachomoka kwenye mteremko, ikabana gurudumu, mama mchungaji akiwa nyuma yangu. Kwa neema ya Mungu nilikuwa nimepunguza mwendo. Alichubuka goti tu. Kijana wa bodaboda aliyetuinua akainama, akaitazama cheni, akaniuliza, "Pastor, kwani hii hukuiona?"

Niliiona.

Na si cheni peke yake, wapendwa. Kwa miezi sasa nimekuwa nakaza tu. Nachoka, nafoka nyumbani, naomba dakika chache, napanda madhabahuni. Mama mchungaji aliniambia mara mbili, nikamjibu ni kazi ya Mungu. Wiki hii nimesoma Yakobo 5:16, na safari hii sikuwa natafuta la kuwahubiria.

Jumatano baada ya maombi nimemwomba mzee mmoja wa kanisa abaki nami tuzungumze. Cheni na sproketi mpya nimenunua. Fundi atazifunga yeye, mimi nitashika tochi.