Jiliwa la Ami na Nati Isiyouzwa Dukani

Mgeni atakaye kuona vitu vya kale mjini Mombasa hupelekwa Ngome ya Yesu, akazungushwa Mji wa Kale, kisha akarudi alikofikia akidhani kwamba amekwisha kuviona vyote. Aghalabu hapelekwi Majengo. Hata hivyo, katika vichochoro vya mtaa huo, nyuma ya nyumba zenye baraza na mapaa ya mabati, vimo vyombo vikongwe ambavyo havijatiwa ndani ya vioo kwa sababu vingali vinafanya kazi. Kimoja kati ya vyombo hivyo ni jiliwa la ami yangu.

Msomaji aliyekutana na neno hili kamusini tu huenda akahitaji maelezo. Jiliwa ni chombo cha chuma kinachofungwa kwenye ukingo wa meza ya fundi. Lina taya mbili, moja imetulia na nyingine hwenda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu za parafujo nene inayozungushwa kwa mkono. Kitu kikishabanwa hapo, fundi huwa na mikono yote miwili ya kupigia tupa. Vijana wengi wa gereji siku hizi huliita vaisi. Ami huliita jiliwa, na parafujo yake huiita parafujo, neno tuliloachiwa na Wareno, ambao waliondolewa Mombasa kwa mara ya mwisho mwaka wa 1729. Wenye neno wamekwenda zao karibu karne tatu zilizopita, nalo neno lingali likikaza taya Majengo.

Kazi ya ami ni bawaba, makomeo na makufuli ya milango ya zamani. Kwa kazi ya namna hiyo jiliwa ni nusu ya fundi. Mwezi wa Juni mwaka wa 2022 alikuwa amebana bawaba ya mlango wa nyumba moja ya Mji wa Kale, akazungusha mkono wa jiliwa, mkono ukazunguka na taya isisogee. Tulipolifungua tuliona ajabu ya uchakavu. Parafujo ilikuwa salama, lakini nati iliyofichwa tumboni, iliyokuwa ya chuma cha kusubu, meno yake yalikuwa yameliwa hata yakawa membamba kama wembe, na mwisho yakakatika.

Wakati wenyewe haukuwa mwema. Januari mwaka huo serikali ilikuwa imepiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa ajili ya uharibifu wa nguzo za umeme, na marufuku hayo yalikuwa yameondolewa mwezi wa Mei. Kwa hivyo wanunuzi wa vyuma walikuwa wamerudi mitaani na mikokoteni yao, wana njaa ya miezi. Binamu yangu, ambaye kwa muda mrefu alikitamani chumba kile akiuzie simu, alipiga hesabu ya uzito wa jiliwa papo hapo. Ami alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kama ni kuuza vikuukuu, anzani na mimi. Hili lilikuwapo hapano kabula yangu.” Binamu akacheka; ami hakucheka. Sote tulijua kwamba jiliwa likitoka, chumba kimetoka, na mzee wa miaka 76 hataanza kazi upya kwenye meza ya mtu mwingine.

Tukaanza kutafuta nati. Jina la kiwanda lilikuwa limefutika juu ya jiliwa, limebaki neno “England” pekee, kwa hivyo hapakuwa na pa kuagizia. Madukani nati zimejaa, ila zote ni za meno ya pembetatu. Meno ya aina hiyo yana vipimo vinavyojulikana tangu Mwingereza Joseph Whitworth alipopendekeza mwaka wa 1841 kwamba mafundi wote wa nchi yake wafuate kipimo kimoja, na ndiyo sababu bolti ya duka hili huingia katika nati ya duka lile. Parafujo ya jiliwa letu ilikuwa na meno ya mraba, yaliyokatwa ili yavumilie msukumo mzito. Nati ya parafujo ya namna hiyo huwa haiuzwi dukani. Huchongwa.

Katika karakana ya kwanza tuliyoingia, kijana mpole aliipima parafujo kwa kalipa na kutikisa kichwa. Unene wake ulikuwa inchi moja. Kutoka jino hadi jino palikuwa na robo inchi, yaani milimita 6.35. Mashine yake ilihesabu kwa milimita. Ili mashine kama hiyo ikate hesi ya inchi sawasawa, hutiwa gurudumu la meno 127, kwa sababu inchi tano ni milimita 127 kamili, na kabla ya 127 hakuna hesabu nzima inayowiana na inchi bila baki. Gurudumu hilo hakuwa nalo. Alitushauri tununue jiliwa jipya. Ushauri wake haukuwa mbaya, ila haukuwa jibu la swali letu.

Aliyetujibu alikuwa mzee mmoja wa upande wa Shimanzi, mkerezaji aliyejifunza kazi Tudor wakati chuo kile kikiitwa bado MIOME, kabla hakijageuzwa Mombasa Technical Institute mwaka wa 1966, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka wa 1972 na hatimaye Technical University of Mombasa mwaka wa 2013. Majina yamebadilika mara nyingi kuliko kerezo lake. Lilikuwa la Kiingereza, limechakaa rangi, na parafujo yake ndefu ilikuwa na meno manne kwa inchi, sawasawa na ya jiliwa. Mzee alipoliona hilo alitabasamu. “Hapa hapana hesabu,” akasema, “moja kwa moja.” Nikafahamu kwamba chombo kikuukuu kilikuwa kimepata tabibu wa rika lake.

Nilimsikiliza kama ninavyowasikiliza walimu wangu, pengine zaidi. Nafasi ya kutoka jino hadi jino aliita hatua, na wala hakuwa amesoma orodha yoyote ya istilahi. Parafujo ikizunguka mara moja, taya hwenda hatua moja. Sisi tunaosomea lugha hukaa vikaoni tukitafuta neno la dhana kama hiyo, kumbe liko Shimanzi, lina mafuta ya mashine, na hakuna aliyekwenda kuliuliza.

Nati mpya ilitoka katika bushi kuukuu ya mhimili wa mashua, ya shaba iliyochanganywa na bati, madini yasiyokwaruzana na chuma cha pua. Mzee aliitoboa tundu la zaidi kidogo ya milimita 19. Kisha akanoa kisu chembamba cha upana wa milimita tatu na ushei, akakiingiza ndani ya tundu na kukata mfereji, kila mara akichukua unywele tu. Kisu kikiwa tundumo hakionekani, hivyo alikuwa akikata kwa sikio. Sauti ilipopanda alirudi nyuma. Kazi hiyo ilichukua adhuhuri nzima, na katikati yake alituacha tukingoja akaenda kuswali.

Alipoijaribu nati juu ya parafujo, ilipita kwa ulaini ncha ya kwanza, ikalegea katikati, ikakaza tena mwishoni. Hapo ndipo tulipotambua kwamba parafujo nayo ilikuwa imeliwa, ila mahali pamoja tu, pale taya zinapobana vitu vya unene wa bawaba. Mzee alitueleza kwamba nati haina budi kuipita ncha isiyoliwa, kwa hivyo ulegevu wa katikati hauondoki ila kwa kuchonga parafujo nyingine. Ami alipapasa pale palipolika kwa kidole gumba. “Wacha licheze,” akasema. “Hapo ndipo nilipokulia.”

Tulilifunga jiliwa siku ya pili yake. Bawaba ya Mji wa Kale ilirudi tayani, na binamu, ambaye hakuwa na neno la kusema, ndiye aliyeshika taa. Ami akaniita, akanipa penseli ya useremala, akafungua mlango wa kabati lake la zana. Ndani ya mlango ule mna vipimo vilivyoandikwa kwa miaka mingi, vingine kwa herufi za Kiarabu. Akaniamuru niandike chini yake, naye akisema pole pole: parafujo, inchi moja, meno ya mraba, hatua, robo inchi, nati ya shaba, Juni 2022. Nilipofika mwisho aliniuliza kama nimeandika Kiswahili. Nikamwambia ndiyo. Akafunga kabati, akachukua tupa.