Nesi wa Mwitongo, sehemu ya 14: Mkono mmoja una P.O.P., mwingine una mtoto

  

Leo ilikuwa tuendelee na uji wa mtoto wa miezi 6. Uji utasubiri. Kuna swali limeniijia mara tatu mwezi huu: "Nesi, simu naitumiaje wakati mikono haipo?"

Msicheke. Kuna mama hapa kwetu Butiama alianguka na bodaboda mtoto akiwa na wiki 7. Mtoto hakuumia, tunashukuru. Mama akafungwa P.O.P. mkono wa kulia. Wa kushoto ndio huo huo wa kunyonyesha, kubembeleza na kubadilisha nepi. Mume wake ni mvuvi, usiku yuko ziwani. Simu akawa anashikiwa na mtoto wa jirani, yuko darasa la tano. Huyo ndiye anasoma meseji zote, za mume na za kliniki. Na hapa ndipo nilipovuta kiti nikakaa: ndiye anabonyeza na namba ya siri ya pesa.

Mtoto wa watu hana kosa, kasaidia. Lakini mama mtu mzima asiwe na siri hata moja kwa sababu ya mkono?

Simu za Android zina programu inaitwa Voice Access, ya Google. Imetengenezwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao haiwezi kugusa kioo: waliopooza, wanaotetemeka, walioumia. Kwenye simu nyingine utaikuta ndani ya Mipangilio, upande wa ufikivu. Kama haipo, inapakuliwa Play Store bila malipo. Kuiwasha mara ya kwanza kunahitaji mkono, wako au wa mtu unayemwamini. Ikishawaka, unasema "Open settings" na Mipangilio inafunguka bila kuguswa. "Scroll down", inateremka. "Go back", inarudi ulikotoka. "Go home", inarudi mwanzo.

Utaniuliza, mbona Kizungu? Amri tulizotumia sisi ndizo hizo, za Kizungu. Shida inakuja kama simu yako, kama ya huyu mama, imeandikwa Kiswahili chote. Kioo kinasema Mipangilio, masikio yanasubiri "settings". Dawa yake ni moja: sema "Show numbers". Kila kitufe kinavaa namba yake ndogo. Unataja namba tu, "seven", na simu inabonyeza hapo. Namba za Kizungu hata bibi anayeuza dagaa mnadani anazijua.

Tulikaa naye barazani nusu saa. "Openi setingi", kimya. "Openi setingi", kimya. Mama akaanza kuona aibu, akasema labda ni ulimi wake wa Kijita. Nikamwambia zima kwanza hiyo redio. Ikafunguka hapo hapo! Alicheka mpaka mtoto akaamka. Kwa hiyo kabla hujalaumu lafudhi yako, angalia kelele. Redio, mashine ya kusaga, watoto wanaogombana, vyote hivyo simu inavisikia pamoja na wewe.

Mambo mawili hapa nitakuwa mkali. Namba ya siri usiitamke kwa sauti, hata ukiwa jikoni peke yako. Kuta zetu tunazijua. Subiri mume arudi, au tumia kidole cha huo mkono wa kushoto mtoto akilala. Na ukimaliza sema "Stop listening", isije ikabaki inasikiliza maongezi ya nyumbani na kubonyeza vitu.

Sasa kuna ile nyingine, ya kusema halafu simu inaandika meseji. Hiyo Kiswahili inakubali, na akina mama wengi mnaipenda. Mimi naipenda nusu. Ukisema mtoto kaharisha "mara tatu", siku nyingine inakuandikia mkoa wetu, Mara, kwa herufi kubwa. Hiyo tunacheka inapita. Ila mwezi uliopita nilipokea meseji jioni: "Nesi mtoto ananyonya tangu asubuhi." Nikaisoma mara mbili. Nani ananyonya tangu asubuhi? Nikapiga. Mama alikuwa amesema "hanyonyi". Mtoto wa siku 9, mwili wa moto, hanyonyi. Walifika hospitali usiku ule ule na mtoto anaendelea vizuri.

Angalia lugha yetu ilivyo. Kukataa kwote kunakaa kwenye kasilabi kamoja. Ananyonya, hanyonyi. Anyonye, asinyonye. Simu ikimeza hako kadogo, habari imegeuka. Kwa hiyo jambo la dawa au la dalili za hatari usiliandikishe simu ukaliacha hivyo. Piga. Kama salio limekata, tuma sauti yako yenyewe, nikusikie mimi. Mtoto mchanga asiyenyonya, anayepumua haraka, mwenye degedege, wa moto sana au wa baridi, huyo si wa meseji kabisa. Mama mjamzito, aliyejifungua au kichanga akipata dharura, piga 115, namba ya m-mama, ni bure, na usafiri unatafutwa. Fundisha kila mtu mzima nyumbani namba hiyo, maana hata simu inayosikia inahitaji chaji.

Kwa nini simu zinatusikia vibaya? Zinajifunza kwa sauti za watu. Mozilla wana mradi unaitwa Common Voice, na tangu 2021 Kiswahili kimo. Unasoma sentensi kwa sauti, au unasikiliza ya mwenzako na kuthibitisha kama kasoma sawa. Sisi wa Mara ambao L na R zinapishana mdomoni, wanaotusikiliza watatuzoea vipi kama hatusemi? Binti yangu kashasoma sentensi 40. Anasema nyingine zinachekesha.

Yule mama P.O.P. ilishatolewa. Voice Access hajaizima, anasema inamfaa akiwa anakanda ugali.

Jumanne ni kliniki ya watoto. Mwenye simu ya Android anayetaka tumuwekee aje nayo ina chaji, na kadi ya mtoto asiisahau. Uji tutauongea Alhamisi.