Granola ya Ulemo

Nafaka ile ndogo nyekundu ambayo sisi wa visiwani tumezoea kuiita wimbi, watu wa bara huiita ulezi. Aliyekulia ufukweni akisikia wimbi, sikio lake hukimbilia kwanza kwenye maji. Aliyekulia bara akisikia ulezi, fikra zake humwendea mtoto anayelelewa. Mbegu ni moja, nayo imebebeshwa bahari huku na malezi kule. Hali kadhalika mawele yetu kwao ni uwele, na njugu zetu kwao ni karanga. Ukiomba njugu mkoani Singida, wataka kukuletea njugu mawe, nami ndizo nilizoletewa.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimepika harusi, hitima na maulidi ya Ng'ambo na mashamba ya Unguja: pilau, biriani, mchuzi wa pweza, mikate ya kumimina, na shurba mwezi wa Ramadhani. Ilmu yangu yote imejengwa juu ya nazi. Na kwa mujibu wa ilmu hiyo, chakula cha asubuhi ni kitu cha moto: chai ya tangawizi, vitumbua vinavyotoka chunguni, mbaazi zilizolala katika tui zito. Nafaka kavu iliyomwagiwa maziwa baridi nilikuwa nimeiona katika mahoteli ya pwani ya mashariki, imewekwa katika mitungi ya kioo mithili ya dawa za miti shamba, lakini sikuwahi kuitia kinywani. Nilikihesabu kuwa ni chakula cha watu wasio na wasaa wa kukoka moto.

Kuilinganisha na dawa hakukuwa mbali na ukweli. Babu ya granola alizaliwa katika nyumba ya tiba. Mwaka 1863, huko Dansville katika jimbo la New York, tabibu mmoja aitwaye James Caleb Jackson aliuoka unga wa ngano isiyokobolewa, akauvunjavunja, akauoka tena, akawapa wagonjwa wake. Ulikuwa mgumu kiasi kwamba ilibidi ulazwe katika maziwa usiku kucha ndipo meno yauweze. Baadaye John Harvey Kellogg wa Battle Creek akatengeneza wa kwake, akauita kwa jina lile lile la Granula, ukazuka ugomvi wa jina, ndipo akageuza herufi moja ikawa granola. Karne moja ikapita. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wa Marekani waliochoshwa na vyakula vya viwandani wakaihuisha kwa oti, asali na njugu. Hiyo ndiyo iliyofika katika mahoteli yetu, na hiyo ndiyo aliyojifunza kuitengeneza binti yangu alipokuwa akifanya kazi katika jiko la hoteli moja kwa muda wa miaka minne.

Kisha akaolewa na mwalimu wa Kinyiramba, wakahamia kwao mume, kata ya Ulemo, wilaya ya Iramba.

Alijifungua Mei 2025. Mila yetu yataka mama awepo siku za arubaini, kwa hiyo baada ya Idi Kubwa nikafunga safari: boti hadi Dar es Salaam, treni ya umeme ambayo tangu 2024 inafika Dodoma, kisha basi lililopita Manyoni na Singida mjini, penye maziwa yale mawili na majabali yaliyopangana kama ambaye aliyapanga alikuwa na shabaha. Kando ya barabara madumu ya mafuta ya alizeti yamesimama safu kwa safu, manjano juu ya manjano. Nilikuwa na kikapu cha nazi sita, iliki, mdalasini na pilipili manga. Sikwenda mikono mitupu.

Juni ni mwezi wa mavuno huko. Mvua ya Iramba ni ya msimu mmoja, na baada yake mashamba hukauka, upepo wa uwanda wa juu ukavuma baridi ambayo mtu wa Unguja haizoei. Kila ua ulikuwa na mtama: masuke yaliyotandazwa juani, mtama uliopurwa kwa magongo, mtama uliopepetwa katika upepo huo huo ulionitia homa. Na katikati ya mtama wote huo, mimi nilipikiwa wali.

Siku nne mfululizo. Wali mweupe kwa kuku wa kienyeji, na mchele wenyewe ulikuwa wa kununuliwa dukani, kilo baada ya kilo. Mkwe wangu, mama wa mume wa binti yangu, aliuandaa kwa taadhima kubwa, akaniwekea sebuleni, kisha akarudi jikoni kula na wajukuu. Siku ya tatu nilimfuata. Nikakuta ugali wa mtama, mwekundu unaoelekea zambarau, na bakuli la mlenda. Nikaomba tonge. Akalifunika lile sinia kwa ungo.

"Bibi mwenzangu," aliniambia, "huu si wa mgeni."

Sikumshindilia. Mwenye nyumba ana haki ya kuamua kipi kitamwakilisha mbele ya mgeni, na mwanamke aliyekwisha kutoa fedha yake kununua mchele hapaswi kuambiwa kwamba mgeni alitaka kingine. Lakini jambo lile lilinikaa moyoni kuliko baridi. Kana kwamba kuna mtu, zamani sana, aliyempitia mama huyu na kumwambia kwamba watu wa pwani watamcheka.

Shida kubwa zaidi ilikuwa mzazi mwenyewe. Binti yangu alipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Kliniki walimpa vidonge vya madini ya chuma na kumhimiza ale, naye asubuhi alikuwa hali. Kinywa kilikataa. Maziwa yakawa machache, na mtoto akawa analia kilio chembamba cha njaa kinachomjua kila mwanamke aliyewahi kukisikia. Sisi wawili, mabibi wa mtoto, tukawa kila mmoja na chungu chake. Mimi nilipika uji wa tui kwa pilipili manga. Mkwe wangu uji wa ulezi, uliokorogwa taratibu hata ukang'aa. Tulikuwa tukipishana mlangoni na bakuli zetu, tukitabasamu, kila mmoja akiangalia la mwenziwe limerudi na kiasi gani. Yote mawili yalirudi yamejaa. Waama ulikuwa ushindani, ingawa hakuna aliyeutaja.

Asubuhi ya tano, mwanangu akiwa amelala ukutani na mtoto kifuani, akasema: "Mama, nataka granola."

"Hiyo ndiyo dawa gani?" akauliza mkwe wangu.

Nikaeleza, kwa kadiri nilivyojua. Nikasema pia kwamba haiwezekani, kwa kuwa hatukuwa na oti. Binti yangu akatucheka, kicheko chake cha kwanza tangu nifike. "Oti ni mtama wao, mama," akasema.

Basi tukaanza. Yeye akielekeza kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi, sisi uani. Mtama ulitakiwa uwe bisi kwanza, na hapo ndipo mkwe wangu alipoushika uongozi. Nilikuwa nimeteka kutoka kwenye gunia la karibu, akaumwaga. Ule mwekundu, alisema, huungua kabla haujafunguka. Unaotakiwa ni mweupe, mdogo, wenye kiini kigumu, uliokauka lakini haukukaukiana. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Ilikuwa mbegu ya msimu ujao. Akachota konzi mbili, akakiziba tena, akakirudisha mahali pake kabla sijapata la kusema.

Sufuria kavu, moto wa wastani, mfuniko. Mwanzo kimya, kisha mlio mmoja, kisha mtama ukaanza kualika kama mvua ya kwanza juu ya bati. Bisi za mtama ni ndogo sana, mtu aweza kuzidhania ufuta uliofura. Karanga tukazikaanga na kuzitwanga kidogo tu, zikatike bila ya kuwa unga. Alizeti ilitutaabisha: ile ya huko hulimwa kwa ajili ya mafuta, mbegu zake ni nyembamba na ganda limeshikamana, na watoto wanne walimenya kwa muda wa saa nzima wakila nusu ya walichomenya. Asali ilitoka katika mizinga ya magogo ya shemeji mmoja, nyeusi, yenye vipande vya nta na harufu ya moshi. Nikaikuna nazi moja, nikaikausha juani. Iliki yangu, mdalasini wangu, na chumvi. Chumvi binti yangu hakuitaja. Niliiongeza kwa idhini yangu mwenyewe, maana utamu usio na chumvi husinzia.

Tanuri hapakuwa. Lakini mtu aliyeoka mikate ya kumimina umri wake wote haulizi tanuri. Nilitandaza mchanganyiko katika sufuria pana, nikafunika kwa sinia la bati, nikapalia makaa juu na kuacha machache chini. Asali haina subira. Kila baada ya dakika chache nilifunua, nikageuza kwa mwiko, nikafunika, nikisikiliza kwa pua zaidi ya kuangalia kwa macho. Mkwe wangu alichuchumaa kando akinitazama mikono. Hakuwa amewahi kuona moto ukiwekwa juu ya chakula, na aliniuliza maswali ya mpishi: makaa mangapi, ya mti gani, yapungue lini.

Ilipopoa ikashikana vipande vipande. Binti yangu alipewa ya kwanza, kwa maziwa ya mgando. Akala. Akaomba tena. Sitaki msomaji afikiri kwamba ilimponya. Vidonge vyake aliendelea kuvimeza, na maziwa yalirudi polepole kama yanavyorudi. Nasema tu kwamba lilikuwa bakuli la kwanza lililotoka chumbani mle likiwa tupu.

Kisha tukaonja sisi. Hukumu yangu, kama mpishi, ni hii. Kavu, mkononi, ni kitu kizuri: inavunjika kwa mlio, moshi wa asali unakuja nyuma, alizeti inaacha uchungu mdogo unaouzuia utamu usijisahau. Inakaribiana na kashata za njugu, isipokuwa kashata hujivunia sukari na hii hujivunia nafaka. Kwa maziwa baridi bado sikuvutiwa. Nilichemsha tui la nazi moja, nikaimwagia ingali ya moto, na hapo nikaelewana nayo. Binti yangu alisema nimeharibu granola. Huenda. Ni yangu.

Mkwe wangu alitafuna kwa muda mrefu, macho chini.

"Kumbe ni mtama tu," akasema.

"Mtama na asali."

"Na huko kwenu, hotelini, Wazungu wanaulipia?"

Nikamwambia huko wanalipia oti, lakini ni namna ile ile. Nikamwambia na lingine, ambalo nadhani wengi wetu visiwani hatupendi kulikumbuka. Kaskazini mwa Pemba, wataalamu wa mambo ya kale walichimba miji miwili iliyo jirani. Tumbe, ulio mkongwe, uliokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10, ulikutwa na punje zilizoungua, na nyingi zilikuwa za mawele. Chwaka, uliofuata karne ya 11 na kuendelea, ndio ulioonyesha mchele ukichukua nafasi ya mbele. Wali, huo tunaouona kuwa ndiyo sisi wenyewe, ulitukuta tumekwisha kuwapo. Na hata ulipotawala, mtama haukutoka kabisa: mkate wa mofa, unaoliwa Unguja, asili yake ni unga wa mtama.

"Basi bibi zenu walikula uwele," akasema.

"Walikula. Sisi twaita mawele."

Akalirudia neno hilo mara mbili, akilijaribu mdomoni. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa nafaka hizi, mtama na uwele na ulezi, ili dunia izithamini kwa kuwa zinavumilia ukame. Sikumwambia habari hiyo. Asingehitaji tangazo kujua kinachoota katika ardhi yake. Na tangazo lenyewe halikumzuia kufunika sinia kwa ungo.

Iliyobaki tuliitia katika kopo, ikatosha wiki moja. Ilipokwisha alitengeneza yeye, bila mimi, moto juu na chini, akapunguza asali na kuzidisha karanga. Ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Mpishi mzuri akishika njia ya mwenziwe hamwombi radhi.

Lakini kabla ya hapo, siku ya pili yake, ilipofika adhuhuri, sikuitwa sebuleni. Mkeka ulitandikwa uani chini ya mti, sinia moja katikati, na hapakuwa na wali. Mkwe wangu aliuondoa ungo mwenyewe. Akanisogezea upande wenye mlenda mwingi, akaketi mkabala nami, akangoja nianze. Nikamega, nikachovya, nikainua; mlenda ukanifuata mpaka kwenye kifundo cha mkono, na watoto wakaanguka kwa kicheko. Bibi yao akawakaripia, kisha akanishika mkono na kunionyesha namna ya kuukata uzi wake kwa kidole gumba.