Turbo na Watoto Garini

Mdogo wangu amepeleka Subaru yake ya turbo kwa fundi wa jua kali hapa Kisumu. Anataka kipoza hewa, kile mafundi wanachokiita intakula, kitolewe juu ya injini kiwekwe mbele, nyuma ya bampa. Ana hoja: turbo ikishindilia hewa huipasha moto, na hewa iliyopozwa huongeza nguvu. Tena joto la ziwani tunalijua.

Lakini hapo mbele kitaizibia rejeta upepo. Ukipanda Kericho, zaidi ya mita 800 juu yetu, injini yaweza kuchemka. Nimemwambia, “Mdogo wangu, lijaribu gari mlimani peke yako kwanza. Wanao watapanda baadaye.”

Amenuna, ila Jumamosi viti vya nyuma vitakuwa vitupu.